Maneno ya haki wanayo vinywani, nani atawaambia?

Methali isemayo mtaka cha mvunguni sharti ainame inafahamika kwa kila mwanafunzi aliyepitia mikononi mwa mwalimu wa Kiswahili. Lisilofahamika kwa wengi ni kwamba neno sharti, lililomo katikati ya methali hiyo, ni ndugu wa tumbo moja na neno shurta, ambalo kwa Kiarabu ni polisi. Yote mawili, pamoja na shuruti na shurutisha, yametokana na mzizi mmoja wa konsonanti tatu. Kwa msomi, jambo hili ni la kufurahisha tu. Kwa binti wa Mathare ambaye pasipoti yake imefungiwa kabatini katika nyumba ya watu mjini Muscat au Riyadh, laweza kuwa jambo la kufa na kupona.

Nilizuru Muscat, mji mkuu wa Oman, mwishoni mwa Septemba mwaka 2023. Kwa hesabu ya kalenda, kiangazi cha huko kilikuwa kikielekea ukingoni, lakini jua lilikuwa halijapata habari hizo. Mji umebanwa baina ya bahari na majabali makavu, na mawe hayo hunyonya joto mchana kutwa kisha huyatema usiku kucha. Adhuhuri kipimajoto kilionyesha nyuzi 37, na unyevu wa bahari ukailowesha shati kabla mtu hajavuka barabara. Oman inayo sheria inayokataza kazi za ujenzi na kazi nyingine za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Septemba inapoingia marufuku hukoma, joto lisikome. Na hata marufuku inapokuwa na nguvu, jikoni hakuna msimu wa mapumziko.

Hata hivyo, msemaji wa Kiswahili hawi mgeni kamili mjini humo. Katika soko la Mutrah, lililo karibu na ufuo, huuzwa halua ambayo mtu wa Lamu au Unguja ataitambua kwa harufu kabla ya kuiona. Kando ya barabara jioni watu huchoma nyama vijitini na kuiita mishkak, nasi Nairobi tunaiita mishikaki. Zaidi ya hayo yote, husikika Kiswahili.

Historia yake si ya jana. Waomani waliwatimua Wareno kutoka Muscat mwaka 1650, na mwaka 1698 wakaitwaa Ngome ya Yesu mjini Mombasa. Katika karne ya 19, Sultani Seyyid Said aliyahamishia makao yake Unguja, na baada ya kifo chake mwaka 1856 milki yake iligawanywa, Zanzibar ikawa mbali na Oman mbali. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yaliwakimbiza maelfu ya watu wenye asili ya Kiarabu. Sultani Qaboos aliposhika hatamu za utawala wa Oman mwaka 1970, aliwaita Waomani waliotawanyika ughaibuni warejee kuijenga nchi. Wengi wao walirejea wakiwa na elimu ya Zanzibar na ya nchi nyingine za Afrika Mashariki, na lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kiswahili.

Mmoja wa watu hao nilikutana naye jioni moja kwenye ukuta wa bahari pale Mutrah. Alikuwa bibi kizee, mzaliwa wa Unguja mjini, na Kiswahili chake kilikuwa safi kiasi cha kunifanya nitamani wanafunzi wangu wangekuwapo kukisikia. Nilipomuuliza iwapo wajukuu wake wanakizungumza, alicheka kidogo na kusema: “Mwanangu, hawa wanasikia, lakini hawajibu.” Wanaisimu tungeandika kurasa nyingi kuhusu lugha inayokosa kurithishwa kutoka kizazi hadi kizazi, na tusifikie ufasaha wa maneno yale machache.

Bibi yule hakuwa peke yake. Nyuma yake alisimama binti aliyembebea mkoba, naye aliponisikia nikitaja Nairobi aliniuliza natoka mtaa gani. Yeye alizaliwa Mabatini, Mathare, ambako nami nililelewa, na mama yake huuza mboga kando ya Juja Road. Alikuwa amekaa Muscat miezi saba. Bibi alimtendea wema na walizungumza Kiswahili siku nzima. Lakini aliyeshika pasipoti yake, na aliyestahili kumlipa mshahara ambao kwa miezi miwili ulikuwa haujalipwa, ni mwana wa bibi huyo, naye Kiswahili hakijui. Binti aliniambia kwa sauti ya chini: “Anayenielewa hana sauti nyumbani. Mwenye sauti hanielewi.”

Nilimuuliza alifundishwa Kiarabu gani kabla ya kusafiri. Akanihesabia kwa vidole: maji, chumvi, fagia, haraka, mtoto, njoo. Yalikuwa maneno ya kuamriwa. Hakufundishwa hata neno moja la kuuliza, la kudai wala la kukataa. Hapo ndipo lilipo tatizo, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Shida yake si ya mtu mmoja. Shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti mwaka 2016 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani nchini Oman, na nyingine mwaka 2017 kuhusu Watanzania walioko Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Zote zilisimulia juu ya pasipoti zilizotwaliwa, mishahara iliyozuiliwa na saa za kazi zisizo na kikomo. Utaratibu uitwao kafala humfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemdhamini. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 189, uliopitishwa mwaka 2011, unasema kwamba mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kukaa na hati zake mwenyewe za kusafiria, na ya kupumzika saa 24 mfululizo kila wiki. Lakini haki iliyoandikwa Geneva haimfai mtu asiyejua kuitamka pale alipo.

Basi na tuyatazame maneno yenyewe. Binti wa Mathare anaposema haki, anatumia neno lile lile la Kiarabu. Akisema mahakama, sheria, shahidi au wakili, Mwarabu atamwelewa, ijapokuwa matamshi yatatofautiana. Yapo na maneno mengine ambayo hayakufanana moja kwa moja, ila undugu wao hurahisisha kuyakumbuka. Ubalozi kwa Kiarabu huitwa safara, nalo ni la ukoo mmoja na safari. Mshahara huitwa ratib, ndugu wa ratiba yetu ya masomo. Makubaliano ya kisheria huitwa aqd, nasi tunalo katika akdi ya ndoa. Pasipoti huitwa jawaz, na Kiswahili kinalo neno jaizi, yaani lililoruhusiwa. Siku ya mapumziko ni siku ya raha, japo kwetu raha imekwisha kupewa kazi nyingine za Jumamosi usiku.

Hesabu nayo ni hazina. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu, na kuanzia ishirini hadi tisini, pamoja na mia na elfu, zote zimetoka huko. Mtu awezaye kuhesabu shilingi sokoni Mlango Kubwa anazo tayari nyingi kati ya namba zitakiwazo kusoma kiasi cha mshahara wake katika riali.

Walakini undugu wa maneno una mitego yake, na mwalimu asiyeitaja atakuwa amewapoteza wanafunzi. Mkataba tunaoutia sahihi, ukilitamka neno hilo kwa Mwarabu, atadhani unamuuliza kuhusu maktaba au duka la vitabu. Fedha kwake ni madini meupe ya kutengenezea bangili. Pesa za matumizi huziita fulus. Hatari kuliko zote ni saa. Mswahili huanza kuhesabu saa zake jua linapochomoza, ilhali Mwarabu wa leo hufuata hesabu ya saa za ukutani kama zilivyo. Akisema saa sita asubuhi, ana maana ya saa kumi na mbili yetu. Binti aliyeambiwa aamke saa sita, naye akaielewa kwa Kiswahili, ataitwa mvivu kabla hajala kiamshakinywa chake cha kwanza, na lawama hiyo itamfuata mwaka mzima.

Liko neno moja zaidi ambalo naona walimu wangelifikiria kwa makini. Mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutumikia umetupa maneno mawili. La kwanza ni hadimu, mtumishi asiye na hiari, na katika pwani yetu neno hilo lina kumbukumbu chungu za utumwa. La pili ni huduma, nalo leo limeandikwa kwenye milango ya vituo vya serikali kote Kenya, mahali ambapo mwananchi huenda kudai anachostahili. Mzizi ni mmoja, bali hali ni mbili zisizopatana. Binti anayekwenda kufanya kazi kwa watu ana haki ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili aliyoitia sahihi.

Najua yatakayosemwa. Kuna atakayesema kwamba neno halifungui mlango uliotiwa kufuli, na kwamba kinachotakiwa ni serikali yenye kusimamia mawakala, na balozi zenye kuitikia simu. Namkubalia bila kinyongo. Lakini hata ubalozi ulio bora hauwezi kumsaidia asiyeweza kumwambia dereva wa teksi ampeleke safara, wala polisi mwema hawezi kumwokoa anayenyamaza. Mwingine atasema kwamba kuwafundisha Kiarabu ni kuwaandaa kwa utumishi. La hasha! Tayari wanakwenda. Ukitembea Mathare, kuanzia Mlango Kubwa hadi Kosovo, ni nadra kukosa familia yenye jamaa aliyekwenda Ghuba, au anayejiandaa kwenda. Hiari yashinda utumwa, na hiari haiwezekani pasipo maneno ya kuitamkia.

Kwa walimu wenzangu wa Kiswahili nina pendekezo dogo lisilohitaji bajeti. Tunapofundisha maneno ya mkopo, aghalabu tunaorodhesha ubaoni: kitabu kimetoka Kiarabu, meza Kireno, baiskeli Kiingereza. Wanafunzi wananakili, wanapita mtihani na kusahau. Badala yake tungefundisha ukoo wa maneno: tuchukue mzizi mmoja, tuufuate katika lugha mbili, kisha tuoneshe ni wapi ndugu hao wanaelewana na ni wapi wamegombana. Somo la aina hiyo lingewafaa wote, hata wasiokusudia kuvuka bahari. Mwanafunzi ambaye kila siku huambiwa kwamba Sheng imemharibia lugha angegundua kuwa kinywani mwake mna akiba kubwa ya karne nyingi.

Tangu nirejee, Jumamosi alasiri huwa ninafundisha kikundi kidogo cha wasichana katika ukumbi ulio karibu na Mto Mathare. Tuna ubao mmoja na chaki. Tulianza na maneno kumi na mawili, na sentensi ya kwanza waliyojifunza kuisema ilikuwa: nataka pasipoti yangu. Msichana mmoja aliuliza kwa nini tusianze na salamu. Kabla sijajibu, mwenzake aliyerudi kutoka Saudi Arabia akamwambia kwamba salamu atafundishwa na wenye nyumba siku ya kwanza, lakini hilo jingine hawatamfundisha kamwe.

Bibi wa Mutrah na vizazi vyake wameonyesha jinsi lugha inavyopungua nguvu pale inapobakia ya upendo tu, bila kazi ya kufanya nje ya sebule. Kiswahili chetu bado kina kazi nyingi. Mojawapo ni kumsindikiza binti wa Mathare mpaka mbele ya mtu aliyeshika pasipoti yake, na kumpa neno la kusema. Kazi hiyo haimhitaji mwalimu mwenye shahada tatu. Inamhitaji mwalimu mwenye chaki, na saa moja ya Jumamosi.