Lubumbashi–Kinshasa: ndege saa mbili, dosie mwaka muzima

Bandugu batumishi, kutoka Luano mpaka N'djili ndege inapita kilometa 1,550 hivi, kwa saa mbili na kitu. Mutu akipanda hapa saa ine ya asubuhi, anashuka kule saa tano na robo, juu saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu saa moja. Wakati wa kurudia, ile saa unairudisha.

Lakini nani kati yetu iko na bilye? Kwa chini, treni inaishia Ilebo, kisha ni bato kwa muto Kasai. Hapo usihesabu saa, hesabu majuma.

Mwaka jana mujane wa mwenzetu wa shimo aliambiwa na biro moja ya kule: «Mama, uje mwenyewe na karatasi za pansio.» Tulichanga, franga hazikutosha. Tukapiga simu saa mbili asubuhi, hakuna mutu: kwao ilikuwa saa moja! Sasa tunajua. Hata mwenye kutoka kazi saa kumi anaweza kupiga, kule ni saa tisa.

Kisha tulituma mujumbe mumoja na dosie tano, ya mama huyu juu ya zote. Yeye alirudia. Dosie ingali kule.