Pikapu ya Miraa Imetoka Meru Saa Ngapi? Wacha Klasi Irithi Hesabu

Cheki hii, msee. Pikapu ya miraa imetoka Meru saa 5:40 usiku, ikafika Embu saa 7:50. Imekaa njiani muda gani? Kwa kompyuta hizo ni 23:40 na 1:50. Ukitoa tu hivyo, programu inakupa dakika -1310. Mwenye mzigo atakucheka, juu miraa haingoji mtu. Ikinyauka, bei inashuka.

Dawa iko Python. Unda klasi, iite Saa. Hii ndio mzazi. Inageuza muda kuwa dakika tangu saa sita usiku: 23:40 ni 1420, 1:50 ni 110. Inatoa ya kuondoka kwa ya kufika, alafu inachukua baki ya 1440, dakika za siku nzima (110 - 1420) % 1440. Jibu ni 130, yaani masaa mawili na dakika kumi.

Shida ni dere hasemi 23:40. Anasema 5:40 usiku. Usiandike hesabu upya, zaa mtoto:

class SaaYaUsiku(Saa):

Mtoto ana kazi moja tu: kuongeza 18. Tano inakuwa 23. Saba inakuwa 25, toa 24, inabaki 1. Kutoa na baki amerithi kwa mzazi.

Lakini chunga: safari ikipita masaa 24, lazima uweke tarehe pia. Hiyo unaiongeza kwa mzazi mara moja, na watoto wote wanaipata bure.