Goma: Mawe ya volkano yanamaliza magari, pesa ya dereva inaishia garaji

Katika mji wa Goma, jimboni Kivu ya Kaskazini, dereva wa taksi hahesabu bei ya mafuta peke yake. Lava ya Nyiragongo iliyoingia mjini Januari 17, 2002 iliganda ikawa mawe makali. Kwenye avenue zisizo na lami, mawe hayo hupasua magurudumu na kuvunja vyuma vya chini ya gari. Wakaaji humwaga changarawe kwenye mashimo, lakini mvua ikinyesha inaiondoa. Siku gari likilala garaji, hakuna abiria, hakuna mapato, na bosi bado anangoja pesa yake ya jioni. Hasara hiyo inaonekana kwanza nyumbani kwa dereva: chakula cha watoto kinapungua.