Mbwa, kanga au bata bukini: nani alinde boma la Busisi?

Tangu daraja la Kigongo–Busisi hapa Ziwa Victoria lifunguliwe Juni 2025, magari yanapita bila kungoja kivuko, na wageni wanaoshuka hatuwajui tena kwa sura. Mwenye mbuzi, kuku, injini ya mtumbwi au dagaa kwenye chanja ana kila sababu ya kutafuta mlinzi. Wengi hukimbilia mbwa mkali. Ushauri wangu ni kununua kelele kwanza, meno baadaye.

Mtoto wa German Shepherd ni laki kadhaa, na kumnunua ndiyo sehemu nyepesi. Dume aliyekomaa hufika kilo 30 hadi 40, na ugali mtupu haumfai. Hapa ziwani tuna nafuu ya dagaa, ila walioanikwa chini hubeba mchanga: wachemshe, koroga, acha mchanga utuame, kisha mimina wa juu pamoja na supu kwenye ugali wa dona. Adui yake mkubwa huku ni kupe kuliko mwizi. Homa za kupe ambazo mbwa wa kienyeji huzistahimili zinaweza kumlaza huyu kwa siku chache tu, kwa hiyo dawa ya kuogesha na ada ya daktari wa mifugo ziingie kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Mbwa wa kienyeji mara nyingi unapewa na jirani. Peke yake hamwezi fisi, na hata wakiwa watatu kazi yao ni kukuamsha. Kinachomzuia fisi ni zizi lililozibwa vizuri. Jambo moja la kuiga linatoka Namibia, ambako tangu 1994 shirika la Cheetah Conservation Fund huwapa wafugaji mbwa wa Anatolia wanaokuzwa zizini na mbuzi tangu wadogo, mpaka wawaone mbuzi kuwa ndugu zao. Mbwa wale ni ghali, lakini kumlaza mtoto wa mbwa wetu pamoja na mbuzi hakugharimu kitu.

Kuna gharama ambayo muuzaji wa mbwa haitaji: kuuma. Mbwa wako akimng'ata mtoto wa jirani, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali kwa chanjo ya dozi kadhaa, na dozi moja inaweza kufika makumi ya maelfu ya shilingi. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili hakuna tiba. Chanjo ya mbwa mwenyewe, kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, ni nafuu mno ukilinganisha, na kwenye kampeni za kuelekea Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28, mara nyingi hutolewa bure. Mbwa asiyechanjwa ni hatari kwa watoto wako kuliko mwizi.

Sasa ndege. Kanga hulala juu ya mti na hupiga kelele akiona nyoka, mwewe au mtu asiyemzoea. Hula wadudu na mbegu anazojitafutia. Kasoro yake ni kutagia vichakani, ambako kenge humaliza mayai. Yaokote na umwekee kuku ayaatamie, siku 26 hadi 28. Bata bukini anakula majani, anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, na humkabili mtu kwa mdomo na mabawa. Kule Dumbarton, Scotland, maghala ya whisky ya Ballantine's yalilindwa na bata bukini tangu 1959 kwa zaidi ya miaka 50. Nje ya ndege kuna punda: humfukuza mbwa koko, lakini mbele ya kundi la fisi yeye mwenyewe ni chakula.

Kwa kaya ya kawaida ya Busisi ningechukua kanga wachache na mbwa wawili wa kienyeji waliochanjwa, na fedha iliyobaki ningeimalizia kwenye zizi. Mwenye duka au ghala lenye uzio anaweza kumfikiria German Shepherd. Aombe kadi ya chanjo kabla hajatoa hela, na muuzaji akisema mbwa huyu hahitaji, atafute mwingine.