Maji ya Moto kutoka Pipa Kuukuu: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuwasha



Mwezi Juni na Julai, huko Makete na nyanda za Kitulo, nyasi huamka zimefunikwa na barafu nyembamba. Mama aliyejifungua usiku katika zahanati anahitaji maji ya moto ya kuoga, na mashuka yanahitaji kufuliwa. Mara nyingi kazi hiyo humwangukia ndugu aliyemsindikiza. Hutafuta kuni, huinama kwenye mafiga nyuma ya wodi, na hupuliza moto hadi macho yanavimba kwa moshi.

Katika toleo hili tunaeleza namna ya kutengeneza hita ya maji inayotumia kuni, kwa pipa la lita 200 na vifaa chakavu. Fundi uashi na fundi bomba wa kijijini wanaiweza kazi hii. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo kamati haiwezi kumwachia fundi peke yake, nalo tutalieleza kwa kirefu.

Kwa nini hita na si mafiga?

Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 60 kunahitaji joto lililomo katika kilo moja na robo hivi ya kuni kavu, kama joto lote lingeingia majini. Kwenye mafiga matatu joto jingi hupotea na upepo. Ikiwa moja ya kumi tu ndiyo inayofika majini, zitaungua kilo 12 na zaidi. Hita iliyojengewa vizuri ikishika theluthi moja ya joto, kilo 4 zinatosha. Kuni ziwe kavu, kwa sababu kuni mbichi hutumia sehemu ya joto lake kukausha maji yaliyomo ndani yake.

Kuchagua pipa

Tumieni pipa la chuma lisilo na kutu iliyotoboa, lililokuwa na mafuta ya kula au sabuni. Lililobeba dawa za mimea au kemikali lisitumike kabisa, hata likioshwa mara kumi. Lililokuwa na petroli, dizeli au rangi lisikatwe wala kuchomelewa, kwani mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka na kumuua fundi.

Kwa bahati nzuri, hita hii haihitaji kuchomelea. Pipa lenye vizibo viwili, kikubwa cha inchi 2 na kidogo cha robo tatu inchi, tayari lina matundu tunayoyahitaji.

Kujenga

1. Jengeni jiko la matofali ya kuchoma kwa udongo wa kichuguu, lenye kimo cha sentimeta 50 hivi. Wekeni nondo chakavu kama wavu wa kubeba kuni ili hewa ipite chini.

2. Lazeni pipa juu ya jiko, tundu kubwa likiwa chini na dogo likiwa juu. Upande wenye matundu ubaki nje ya ukuta wa jiko ili moto usiguse mabomba. Uinueni kidogo ili hewa itoke.

3. Moto uguse nusu ya chini ya pipa tu. Nusu ya juu ifunikwe kwa udongo uliochanganywa na majani makavu, uhifadhi joto.

4. Upande wa nyuma simamisheni bomba la moshi, mbali na makuti au nyasi za paa. Hita ijengwe nje ya jengo, kamwe si ndani ya wodi au bafu, kwa kuwa hewa ya sumu itokayo kwenye moto haionekani na huua.

5. Tangi dogo la maji baridi liwekwe juu kidogo ya pipa. Bomba lake liingie tundu la chini. Msilipandishe juu sana, kwa kuwa kila mita moja ya kimo cha maji hukisukuma kitako cha pipa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 250 hivi.

6. Kwenye tundu la juu fungeni kiungio chenye njia mbili. Njia moja iende kwenye koki ya kuchotea. Nyingine ipande wima hadi nusu mita juu ya usawa wa maji ya tangi, kisha ipinde na kuelekea ndani ya tangi bila mdomo wake kuzama majini. Hili ndilo bomba la kupumulia.

Maji baridi yakiingia chini, huyasukuma ya moto yatoke juu. Tangi likikauka, maji ya moto huacha kutoka koki ingali wazi, na pipa hubaki karibu limejaa. Likitokea hilo, ondoeni moto kwanza, kisha jazeni tangi.

Bomba lisilofungwa kamwe

Lita 200 zikipata moto kutoka nyuzi 15 hadi 60 huongezeka kwa lita 3 hivi. Zikichemka, lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,500 za mvuke. Pasipo njia ya kutokea, pipa hupasuka.

Miaka kadhaa iliyopita nilitembelea zahanati moja ambayo mradi wetu ulikuwa umeifungia hita. Bomba la kupumulia tulilielekeza njiani, na kwa kuwa lilidondosha maji, mtu mwenye nia njema alilipiga kizibo. Koki ya maji baridi nayo ilikuwa imefungwa. Nilikuta vitako vya pipa vimevimba, na mama mwenye ndoo amesimama hatua mbili kutoka hapo. Tuliwaondoa watu wote, tukauvuta moto kwa mti mrefu, tukasubiri hadi jioni bila kugusa koki yoyote. Mungu alitusitiri. Lakini kosa lilikuwa letu. Tulikabidhi hita bila kuwaeleza wahudumu bomba lile ni la nini, na koki ile tuliiweka sisi wenyewe.

Tangu siku hiyo hatuweki koki kati ya tangi na pipa, wala kizibo kwenye bomba la kupumulia. Koki ya kuzuia maji baridi hukaa kabla ya tangi.

Kazi ya kamati

Kila wiki, hita ikiwa imepoa, mjumbe mmoja ahakikishe kuwa bomba la kupumulia liko wazi. Afungue pia bomba la chini, maji na tope vitoke. Maji haya ni ya kuoga na kufua, si ya kunywa wala kuoshea vidonda. Yakifika nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, hivyo kwenye beseni maji baridi yatangulie. Na mtoto mchanga asiharakishwe kuogeshwa: Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri saa 24.

Ndugu wafadhili, pipa, matofali na nondo sharika zinaweza kuvipata zenyewe. Mchango wenu uende kwenye mabomba na viungio vipya, maana hapo chakavu hakifai. Na mkija kututembelea, kabla ya kupiga picha ya koki, ombeni mwonyeshwe bomba la kupumulia.