Nyumba njema si mlango: Panga chumba chako kwa akili ya Mandera

WAHENGA walisema nyumba njema si mlango. Ukitaka kuijua maana ya methali hiyo, msomaji mpendwa, funga safari ya yapata kilomita elfu moja kutoka Nairobi hadi Mandera, mji ulio kwenye ncha ya kaskazini mashariki ya Kenya, kando ya Mto Daua, pale nchi yetu inapopakana na Ethiopia na Somalia.

Usiku wangu wa kwanza huko nilipewa chumba ambacho ungekiona pichani ungekisifu. Kulikuwa na makochi makubwa ya mahameli, zulia la manyoya kutoka ukuta hadi ukuta, mapazia mazito ya rangi ya damu ya mzee na kabati refu la vioo. Juu ya yote hayo, mabati matupu bila dari.

Ulikuwa mwezi wa Machi, wakati ambapo joto la mchana Mandera hupita nyuzi 35. Saa tatu za usiku mabati yalikuwa bado yanatema moto yaliyoula mchana kutwa. Usiku wa manane nilishindwa. Nikabeba godoro, nikatoka uani, na huko nikawakuta wenyeji wangu wote, wazee kwa watoto, wamelala kwenye mikeka. Chumba kilichokula pesa nyingi kuliko vyote katika nyumba ile hakikuwa na mtu.

Basi nikajiuliza: chumba kile kilipambwa kwa ajili ya nani?

Mama ndiye fundi

Jibu la swali hilo lipo karibu sana na Mandera, nalo ni la zamani. Nyumba ya asili ya mfugaji wa Kisomali huitwa aqal. Ni kibanda cha mviringo cha fito zilizokunjwa na kufunikwa kwa mikeka, na hujengwa na kina mama. Binti anapoolewa kwa desturi hiyo, mama yake na jamaa zake wa kike ndio wanaomwandalia nyumba na mikeka yake. Siku ya kuhama, nyumba yote hufunguliwa, ikapakiwa juu ya ngamia, ikasimamishwa tena malishoni.

Wasomi nao wamelitambua jambo hili. Mwaka 1995, mtaalamu wa usanifu majengo kutoka Marekani, Labelle Prussin, alitoa kitabu kizima kuhusu nyumba za wahamaji wa Afrika, wakiwemo Wasomali, Warendile na Wagabra, akionyesha kwamba wajenzi wenyewe ni wanawake.

Sasa tazama ndani ya nyumba hiyo. Hakuna kitu kisicho na kazi. Mkeka ni ukuta, ni kitanda na ni pambo. Vyombo vya maziwa vimening'inizwa juu, havikanyagwi na watoto wala havichukui nafasi ya mtu. Kuna chetezo, ambacho Wasomali hukiita dabqaad, cha kufukizia ubani ili nyumba na nguo zinukie. Joto likizidi, mkeka wa upande wa upepo huinuliwa na hewa ikapita.

Sisemi turudi kwenye fito, la hasha. Ninalosema ni kwamba mama yule alijiuliza maswali matatu kabla ya kuweka chochote ndani: joto litatoka wapi? Mgeni ataketi wapi? Na stara ya nyumba italindwaje? Sisi leo huanza na makochi, kisha tukayakumbuka maswali hayo baadaye, deni likiwa limeshaandikwa.

Nyumbani: anza juu, si chini

Ikiwa una pesa za kitu kimoja tu, msomaji, usinunue kabati la vioo. Weka dari. Kati ya dari na mabati acha nafasi, na katika kuta za pande mbili toboa matundu ya hewa karibu na paa, kwani hewa moto hupanda juu na ikikosa njia hukaa nawe. Mabati yakipakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua lililokuja. Feni ni nzuri, lakini usidanganyike: feni haipoozi hewa, huisukuma tu. Chumba kikiwa tanuri, itakupulizia moto.

Pili ni madirisha. Mandera iko karibu na ikweta, kwa hiyo ukuta unaoumia ni ule wa mashariki asubuhi na ule wa magharibi alasiri. Madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini, maana jua la upande huo huwa juu sana na ukingo mdogo wa paa hulikinga. Isitoshe, ukiwa Mandera kibla kiko karibu kaskazini kabisa, kikielekea magharibi kidogo tu. Ukipanga chumba kufuata mstari huo, mahali pa kuswalia na mahali penye nafuu ya joto vitakutana bila taabu.

Tatu ni kuketi. Chukua chumba cha futi 12 kwa 12. Seti ya makochi ya watu saba hukijaza, na mgeni wa nane akabaki mlangoni. Chumba hicho hicho, ukitandika magodoro membamba na mito ya kuegemea kwenye kuta tatu, huketisha watu kama 15 na katikati pakabaki wazi kwa sinia ya chakula. Usiku ikibidi, wageni hulala papo hapo. Anayejua harusi na matanga ya Mandera anajua kwamba hesabu hiyo si mchezo. Ila mzee mwenye magoti mabovu asisahauliwe. Mwekee kiti kimoja au viwili vya kunyanyuka kwa urahisi.

Stara nayo isigeuke kuwa adui wa hewa. Mapazia mazito yanayofungwa siku nzima huzuia macho, lakini huzuia na upepo. Ukuta wa matofali yenye matundu mbele ya dirisha hupitisha upepo na kukata macho ya wapitao. Milango miwili isitazamane, ili anayesimama kwenye mlango wa nje asione hadi jikoni. Wenzetu wa Lamu, mji ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, walilijua hilo zamani: kuta zao ni nene, mgeni hupokewa barazani, na pambo la ndani ni zidaka zilizochimbwa ukutani, zisizochukua hata shubiri moja ya sakafu.

Je, wewe mpangaji wa fleti usiye na ruhusa ya kugusa paa? Kwanza, ghorofa ya juu kabisa ndiyo yenye joto kuliko zote, hata kodi yake ikiwa nafuu. Pili, tumia mapazia mepesi ya pamba yenye rangi ya kung'aa. Funga madirisha ya jua mchana, uyafungue yote usiku. Zulia la manyoya lipumzike, mkeka unatosha.

Dukani: somo la Garissa Lodge

Wafanyabiashara wengi wa Kaskazini Mashariki wanaifahamu Garissa Lodge ya mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Ilikuwa nyumba ya kulala wageni. Mapema katika miaka ya 1990, Wasomali waliokimbia vita kwao walianza kuuza bidhaa humo vyumbani, na chumba cha kulala kikageuka duka. Kutokana na mfano huo, Eastleigh ikajaa majumba ya maduka madogo madogo.

Somo ni kwamba duka halihitaji ukubwa, linahitaji mpango. Tumia kuta hadi juu, lakini usifunike matundu ya hewa kwa bidhaa. Vitambaa visitazame jua la magharibi, maana vitachujuka kabla ya kupata mnunuzi. Paka ndani rangi nyeupe ili kitambaa kionekane kwa rangi yake halisi. Kaunta usiibane mlangoni. Isogeze ndani kidogo, uweke benchi fupi pembeni. Mama anayechagua garbasaar huchukua muda, na akipata mahali pa kuketi atachagua na ya dada yake.

Ofisini: wazee wataketi wapi?

Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, ofisi zimeongezeka Mandera. Nyingi hupangwa kwa mtindo ule ule: meza kubwa, kiti kirefu cha mkubwa, na viti viwili vya wageni. Lakini wazee wa ukoo wakija na shauri, huja wangapi? Mara nyingi huja kundi zima. Wawili wataketi, waliobaki watasimama ukutani kama washtakiwa. Shauri lililoanza hivyo limeanza kombo.

Punguza meza, weka viti vyepesi au mabenchi yanayoweza kuzungushwa, wote wakatazamana. Badala ya rafu wazi tumia makabati yenye milango, kwa sababu vumbi la huko halibishi hodi. Tenga mahali pa kutawadhia na pembe safi ya kuswalia. Na mtungi wa maji ya kunywa uwe pale anapofika mgeni, si nyuma ya mkubwa.

Msomaji, niliporudi Nairobi nilikitazama chumba changu mwenyewe kwa macho mengine. Nilihesabu viti ambavyo hakuna aliyevikalia tangu mwaka kuanza. Fanya hivyo nawe leo jioni. Kaa sakafuni katikati ya chumba chako, uulize yale maswali matatu ya mama wa aqal: joto, mgeni na stara. Kitu kisichojibu hata moja kati ya hayo, kitoe au usikinunue.

Na wewe mzazi unayemwoza binti hivi karibuni, kabla hujaagiza makochi kwa mkopo, muulize bibi yake kama bado anakumbuka kusuka mkeka. Akikumbuka, mwite binti aketi kando yake. Mkeka huo utakuwa zawadi isiyo na deni, na usiku wa Machi ndio atakaolalia.