Jamaa mmoja, kompyuta moja, mamilioni ya dola!

Wapo wanaodhani utajiri wa kompyuta unataka ghorofa, makatibu muhtasi na walinzi getini. Basi sikieni habari za njemba mmoja wa Canada, Markus Frind.

Mwaka 2003, akiwa Vancouver, jamaa alitaka kujifunza namna mpya ya kuandika programu. Akaona mazoezi matupu ya nini? Akatengeneza ukumbi wa kutafutia wachumba kwenye intaneti, akauita Plenty of Fish, yaani samaki kibao! Ofisi? Nyumbani kwake. Wafanyakazi? Yeye mwenyewe!

Wenzake walikuwa wakitoza ada. Yeye akasema karibuni, bure. Hela zikaingia kwa matangazo yaliyoletwa na Google. Mishahara ya kulipa hakuwa nayo, wala tajiri wa kugawana naye faida. Hata kukagua picha chafu walikagua wateja wenyewe kwa kujitolea (na watu wanavyopenda kuchungulia!).

Lakini usidhani ni mteremko, msomaji. Fundi wewe, karani wewe, mlinzi wa usiku wewe. Mitambo ikizima saa nane usiku hakuna wa kumwamsha. Ndiyo maana Markus alihakikisha mambo mengi yanajiendesha yenyewe.

Watu walipozidi akaajiri, ila hisa hakumgawia mtu. Match Group walipomnunulia ukumbi wake mwaka 2015 kwa dola milioni 575, mwenye mali alikuwa mmoja tu. Na wale makapera waliokuwa wakibonyeza matangazo? Wengine bado wanatafuta.